Mlango Mmoja au Boma Zima?

Kathonzweni, katika Kaunti ya Makueni nchini Kenya, mfereji wa tangi la maji ya mvua mara nyingi huwa chini ya usawa wa ardhi. Fundi hutoboa tangi karibu na sakafu yake ili maji yasibaki ndani bure, kisha huchimba shimo mbele yake, hulijengea kwa mawe na kuweka ngazi mbili tatu za kushukia. Mtungi wa lita 20 hukaa humo sawasawa, mdomo chini ya mfereji. Kwa mwenye miguu ni ufundi mzuri. Anayetumia kiti cha magurudumu huyasikia maji yakidondoka karibu naye, na hawezi kuyateka.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, na ugumu wa kutembea ndio ulioongoza. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizo juu kabisa, kwa asilimia 4.1. Kwa hiyo shimo la mfereji ni jambo la watu wengi hapa, ingawa kila boma huliona kana kwamba limelipata peke yake.

Huko Ulaya swali la vitu vya pamoja huulizwa na wanaojenga makazi ya pamoja, yale ambayo kila familia ina nyumba yake lakini jiko kubwa, uwanja na njia ni vya wote. Msanifu Jan Gudmand-Høyer aliipigania fikra hiyo Denmark miaka ya 1960, na mtaa wa Sættedammen, kaskazini mwa Copenhagen, ukakaliwa mwaka 1972. Mkamba wa hapa Makueni akisomewa maelezo hayo huenda akauliza jipya ni lipi. Musyi wake una nyumba ya mzee, nyumba za wanawe, jiko lililojitenga, tangi moja, choo kimoja au viwili, na mbele ya yote thome, pale wazee wanapoketi. Vitu vya pamoja vimekuwapo siku zote. Ambalo halikuulizwa ni nani anaweza kuvifikia.

Mjadala unaofuata umeketishwa kwenye boma la aina hiyo. Wasemaji hawana majina kwa sababu kila mmoja amebeba hoja, wala hasimamii mtu fulani. Yupo mzee mwenye boma. Yupo binti yake, aliyerudi kutoka Nairobi akiwa na jeraha la uti wa mgongo. Mzee humwita mwaitu, mama yangu, kwa kuwa amebeba jina la nyanya yake. Yupo wifi yake binti huyo, mweka hazina wa kikundi cha mwethya, kazi ya pamoja ya zamu. Yupo fundi, na yupo mtaalamu wa tiba ya viungo ambaye wote humwita daktari bila kumuuliza kama anapenda.

Mzee ndiye aliyeanza, na alikuja na jibu tayari. "Mwaitu, nimekwisha kupima mahali. Hapa karibu na lango. Bodaboda inakufikia mlangoni, choo chako mwenyewe, tangi lako mwenyewe, chini kote saruji. Hutamsumbua mtu."

"Baba, hiyo ni nyumba ya askari wa lango."

"Ni nyumba ya heshima."

"Ni ya heshima, na kutoka hapo sifiki jikoni, sifiki kwa kaka, sifiki kwako. Mtakuwa mnakuja kuniona."

Mzee aliwahi kufanya kazi Mombasa, na mfano aliokuwa nao si wa kubeza. Chama cha Walemavu wa Viungo Kenya, APDK, kilichoundwa mwaka 1958, kilianzisha karakana za Bombolulu mwaka 1969. Humo watu wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza vito, nguo na vitu vya ngozi na mbao, na wamejengewa makazi palepale. "Niliwaona kwa macho yangu," alisema. "Kila kitu kwa kipimo chao. Hakuna aliyekuwa akimshangaa mwenziwe. Kuna ubaya gani mtu kujengewa pake?"

Binti hakukataa. Alikiri kwamba wiki alizokaa wodini, kati ya wengine wenye viti, zilikuwa nyepesi kuliko siku ya kwanza nyumbani, maana kule hakuna aliyemtazama miguu kabla ya uso. "Lakini Bombolulu walikwenda kutafuta kazi, na wako wengi. Hapa langoni nitakuwa peke yangu, na kazi sitakuwa nayo."

Ugomvi huu ni wa zamani na umevuka bahari. Novemba 1962, mtangazaji Mies Bouwman wa Uholanzi aliendesha kipindi cha televisheni kwa takriban saa 24, akachangisha fedha za kujenga Het Dorp karibu na Arnhem, kijiji kizima cha watu wenye ulemavu. Nchi ilishangilia. Miaka miwili baadaye Sven-Olof Brattgård, profesa wa Gothenburg aliyekuwa mwenyewe akitumia kiti cha magurudumu, alishika njia nyingine: taasisi yake ya Fokus ilitawanya nyumba zilizorekebishwa ndani ya majengo ya kawaida ya Sweden, kuta zikigusana na za majirani wasio na ulemavu. Het Dorp ilimpa mkazi wake usalama na kipimo kilicho sawa. Fokus ilimpa jirani, pamoja na kelele zake. Mwandishi wa makala haya yuko upande wa Brattgård, lakini anakumbuka kwamba profesa alikuwa na serikali ya Sweden nyuma yake, ilhali mzee huyu ana mbuzi na bei ya ndengu.

Hapo ndipo wifi alipoingia, daftari mkononi.

"Wifi, usinielewe vibaya. Mimi ndiye ninayekupeleka chooni, najua uzito wake. Lakini kikundi kina pesa hizi, na zimeshaitwa na karo, na tangi la pili, na mabati ya mama mjane kule ng'ambo. Rampu moja mlangoni pako, tumalize. Boma zima ni harusi."

Fundi alicheka, akaomba apewe nafasi aeleze hiyo rampu moja ni kitu gani. Nyumba nyingi za hapa zimesimama juu ya msingi mrefu, kwa sababu ya maji ya mvua, kwa sababu ya mchwa, na kwa sababu nyumba iliyoinuka huonekana nyumba. Msingi wa nyumba hii una sentimita 45. Kipimo kinachokubalika kwa kiti cha magurudumu ni kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za mwendo. "Kwa hiyo ni mita 5.4 za mteremko. Juu, mlangoni, lazima pawe bapa, mita moja na nusu, la sivyo akiachia magurudumu avute mlango, kiti kinarudi nyuma naye. Karibu mita 7 za saruji, wifi. Na zikiisha, ziko mlangoni kwake. Jikoni bado hajafika."

"Kwani huwezi kuifupisha?"

"Naweza. Nimeziona fupi. Ni za kumpigia mtu picha akiwa chini yake."

Daktari alisema mteremko mkali unamtesa anayesukuma na anayeshuka, akaongeza vipimo vyake: mlango uliofunguka uachie nafasi isiyopungua sentimita 80, na ndani pawe na mahali pa mita 1.5 kwa mita 1.5 pa kugeuzia kiti. Kisha akasema jambo lililombadilishia wifi mwelekeo wa maswali, ingawa halikumbadilisha nia. Mwaka 1987, jijini Atlanta, Marekani, Eleanor Smith, mwanaharakati anayetumia kiti cha magurudumu, alianzisha kampeni aliyoiita Concrete Change. Hoja yake ilikuwa kwamba nyumba moja ikirekebishwa na mtaa mzima ukabaki na ngazi, mwenye kiti amepewa makao na kunyimwa majirani. Alidai mambo machache kwa kila nyumba mpya: mlango mmoja usio na ngazi, milango ya ndani ipitishe kiti, na choo ambacho mgeni wa kiti anaweza kukitumia. Mwaka 1992 Atlanta ikapitisha sheria hiyo kwa nyumba zinazojengwa kwa msaada wa fedha za umma.

"Yaani hakudai nyumba?" aliuliza mzee.

"Alidai kutembelea."

Mzee alinyamaza kidogo. Ukambani mtu hupimwa kwa aliowatembelea wakiwa wagonjwa, wakiwa wamefiwa, wakiwa wamepata mtoto. Binti alikuwa amerudi na tayari kulikuwa na mtoto mchanga kwenye nyumba ya tatu ambaye shangazi yake hakuwa amemwona humo ndani. Aliletewa nje, kama mzigo wa posta.

Wifi alirudi kwenye hesabu. "Tuseme ni kutembelea. Basi tubomoe milango ya nyumba tatu kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Mbona ya kwako tuliibomoa kwa ajili ya seti ya sofa?" alisema fundi.

Kicheko kilichofuata kilimgusa hata wifi, kwa kuwa ni kweli. Mlango mpana haujawahi kuwa anasa pale kinapohitajika kupita kitu ambacho familia imekubali kwamba lazima kipite: sofa, gunia la mahindi, jeneza. Na huyo mtu mmoja hesabu yake huongezeka. Mzee mwenyewe goti la kulia halimtii wakati wa baridi. Mtoto aliyeanza kutambaa huanguka pale pale kwenye ngazi. Mama aliyebeba mtungi mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, haoni chini anapokanyaga. Hoja hii hutolewa kila mahali duniani na pengine imechakaa, lakini binti aliipokea kwa tahadhari: "Sawa, iwafae wote. Ila msije mkanijengea kwa sababu ya goti la baba, goti likipona mkasahau."

Mpaka hapa mjadala ulikuwa umekaa milangoni. Fundi aliutoa nje, kwenye mchanga.

Udongo wa sehemu nyingi za Kathonzweni ni mchanga mwepesi juu ya wekundu mgumu. Wakati wa kiangazi magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha hospitali huzama na kujigeuza upande. Anayesaidia hulazimika kukigeuza kiti kizima na kukivuta kinyumenyume, abiria akitazama alikotoka. Mvua za Novemba zikija, maji ya paa lisilo na mfereji wa mabati huchimba mtaro mbele ya kizingiti kwa siku moja. Na katikati ya majira hayo mawili ipo miiba ya migunga, adui wa tairi la upepo, ambalo afadhali lina dawa yake kwa fundi wa baiskeli sokoni.

Daktari alikubali kwamba kiti chenyewe ni sehemu ya nyumba. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 likisema kiti kifanane na mtu na mazingira anamoishi, wala kisiwe tu kile kilichopatikana kwa msaada. Karakana ya APDK Nairobi hutengeneza viti, pamoja na baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Mwaka 2009 kiti cha magurudumu matatu kilichobuniwa na Amos Winter, mhandisi wa MIT, kilijaribiwa Afrika Mashariki. Husukumwa kwa fimbo mbili ndefu zinazompa mwendeshaji nguvu kwenye mchanga na mlimani. Mtu anaweza pia kuomba msaada wa kifaa kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Lakini kiti kirefu cha nje hakigeuki ndani ya nyumba ndogo. Ukikipanua kiti, umekifupisha chumba.

"Basi turekebishe njia," alisema fundi, akatoa mfukoni uzi na pima maji.

Vifaa hivyo havikuhitaji maelezo. Kila mtu mzima aliyekuwapo alishawahi kushika ncha moja ya uzi huo shambani. Matuta ya fanya juu yaliyoizuia ardhi ya Machakos ya zamani isiteremke mtoni, kabla Makueni haijawa wilaya yake yenyewe mwaka 1992, yalipimwa hivyo: watu wawili na vijiti, wa tatu katikati akitazama pima maji, wakitafuta mstari ambao hauendi juu wala chini. Fundi alikuwa anasema kwamba njia ya kiti ni mstari uleule. Ukiunganisha milango ya nyumba nne kwa kufuata usawa wa ardhi, badala ya kukata mteremko moja kwa moja kama wapitavyo mbuzi, rampu nyingi zinatoweka. Tena nyumba iliyojengwa mahali penye mteremko haina msingi mrefu pande zote: upande wa juu ardhi inakaribia sakafu. Toboa mlango huko, chimba mtaro wa kuyakinga maji yasiingie, na sentimita 45 zinabaki 10 au hata chache zaidi.

"Mlango wa nyuma?" mzee alishtuka. "Mgeni aingie kwa nyuma?"

"Tukiupaka rangi ndio utakuwa wa mbele, mzee."

Kuhusu sakafu ya njia, fundi alipendekeza maramu iliyoshindiliwa ikiwa na maji kidogo, na saruji kiasi pale tu panapochimbika, upana wa mita 1.2, na kingo za mawe ili gurudumu lisitoke. Wifi akauliza nani atashindilia. Binti akamjibu kwa jina ambalo Ukambani hutajwa bila kuelezwa sana: Joshua Mukusya. Mukusya na kikundi cha Utooni walianza mwaka 1978, wakajenga mabwawa ya mchanga kwenye mito mikavu kwa mikono ya wanachama, wanawake wakiwa wengi. "Mwethya umejenga ukuta katikati ya mto. Utashindwa na njia ya kwenda jikoni?"

"Ule ukuta unampa kila mwanachama maji," wifi alisema. "Nitawaambiaje wanachama waje kushindilia njia ya boma moja?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na ndilo gumu kuliko yote yaliyoulizwa. Mwethya huenda kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Asiyeweza kushika jembe hudaiwa namna nyingine. Binti alikuwa amelifikiria. Angeshika vitabu vya kikundi, kazi ambayo wifi aliilalamikia kila mwezi. Angeshona sare za shule. Alitaka jina lake liwe kwenye orodha ya zamu kama mwanachama, na siku yake ifike kwa zamu, bila huruma ya mtu. Wifi hakujibu. Aliandika.

Choo kilimalizika haraka. Daktari alitaka kiti cha kukalia cha sentimita 45 hadi 50, vyuma vya kushika pande mbili, na mlango ufunguke nje, maana mtu akianguka ndani ya choo kidogo ndiye anayeuzuia mlango. Fundi alisema afadhali kujenga kimoja kikubwa kuliko kupanua viwili vidogo. Hakuna aliyepinga. Mfereji nao ulipata dawa rahisi: bomba lirefushwe mita chache kuelekea mteremkoni, na litokeze mahali ambapo ardhi yenyewe imeshuka. Maji yatafika bila pampu, kwenye kimo cha magoti, na shimo lenye ngazi lifukiwe.

Sheria ilichelewa kutajwa, nayo ilitajwa na mzee kwa mashaka. Daktari alimweleza kwamba Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachowezekana, na Ibara ya 43 inataja makazi yanayofikika. Kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 imefuatwa na nyingine iliyotiwa saini mwaka 2025. Kwamba kanuni za ujenzi zilizorithiwa tangu 1968 zimepisha mpya mwaka huohuo wa 2025.

"Na hiyo kanuni inafika hapa? Nani amewahi kupeleka ramani ya nyumba ya kijijini kwenye ofisi za kaunti, mjini Wote?"

Daktari alikiri kwamba sheria hizo huuma zaidi kwenye ofisi, hospitali na majengo ya kupangisha. Lakini kioski cha maji na zahanati hujengwa kwa fedha za kaunti, na Makueni imejipatia sifa nchini kwa mikutano ya wananchi inayoanzia kijijini kuamua miradi. Huko binti angeweza kwenda kudai, kama njia ya kutoka bomani ingemfikisha barabarani.

Kilichobaki hakikuwa cha saruji. Nyumba ya kudumu iliyorekebishwa kwa ajili ya binti, katikati ya boma, ni tamko la ardhi. Kaka zake waliikubali rampu ya mbao bila neno. Walipoambiwa saruji, mmoja aliuliza kama dada atakaa moja kwa moja. Ibara ya 60 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi, na kila mmoja alilijua hilo, na hakuna aliyelitamka. Inawezekana kabisa kwamba wazo la nyumba ya langoni lilizaliwa hapa kabla halijazaliwa kwenye bodaboda.

Uzi wa fundi ulikuwa umekwisha kupita milango minne, jiko, choo na tangi. Binti akamwomba auvute hadi thome.

"Thome kuna nini?" aliuliza mzee.

"Kuna nyinyi. Ndiko mlikoamua habari ya nyumba ya langoni."

"Wanawake hawaketi thome, mwaitu. Hata wenye miguu."

"Ndiyo maana nauliza njia tu, baba. Kuketi tutazungumza nikifika."

Wifi, ambaye mchana kutwa alikuwa akipunguza gharama, alisema sehemu hiyo ni mita 8 tu na ardhi ni bapa. Mzee akasema ingoje mpaka mvua za Novemba zipite. Fundi akauliza kama angalau apigilie vijiti, kwa kuwa vijiti havina bei. Kwenye daftari la mweka hazina mpangilio uliandikwa hivi: choo, njia, mfereji, milango. Mbele ya thome aliandika "bado", na fundi akaanza kutafuta jiwe la kupigilia.